Nani Alikuambia Kwamba Alikuwa Mwizi?

Barua kwa Mwalimu

Mwezi huu nina barua nne, na ya kwanza imekula sehemu kubwa ya ukurasa. Mlioniandikia kuhusu mirathi na mashamba, nivumilieni hadi toleo lijalo.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni msichana wa miaka 24, ripota katika redio ndogo ya mtaani. Wiki tatu zilizopita kijana aliuawa karibu na soko, asubuhi kweupe, watu wakiona. Walisema aliiba simu. Nilifika akiwa bado anapumua. Niliandika habari ndefu, mhariri akaikata ikabaki sentensi mbili: "Mshukiwa wa wizi ameuawa na wananchi wenye hasira. Polisi wanachunguza." Nilipomuuliza sababu akaniambia habari za wezi hazina wenyewe. Tangu siku hiyo usingizi umenipotea. Rafiki yangu aliye chuoni Maseno ameniambia kwamba huko Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa, kulikuwa na mwanamke Mweusi, mwandishi wa habari, aliyepigana na mauaji ya namna hii. Anaitwa Ida B. Wells. Alifanya nini hasa? Alifaulu? Na mimi nifanye nini, kwa mshahara huu na mhariri huyu?
Ripota, Kisumu

JIBU: Binti yangu, nianze na jambo langu kabla ya kufika kwa Ida, maana barua yako imenirudisha mbali.

Mwaka 1991 nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapa Nakuru, na jioni nikiliandikia gazeti moja habari za wilaya. Tulilipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa habari iliyoandikwa. Nikipata jambo nilikwenda posta, nikapanga foleni kwenye kibanda cha simu, nikamsomea karani wa gazeti kule Nairobi neno kwa neno huku simu ikimeza shilingi zangu. Ndivyo nilivyojifunza kuandika kwa ufupi.

Siku moja kijana aliuawa kwa mawe karibu na steji ya matatu. Nilipofika yote yalikuwa yamekwisha. Nikamuuliza mwanamume aliyekuwa amesimama pale, akaniambia, "Mwizi wa baiskeli." Nikaenda posta. Gazeti likatoka na mistari yangu mitatu: mshukiwa wa wizi wa baiskeli, wananchi wenye hasira, polisi wanachunguza.

Baada ya siku kama kumi mama mmoja alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa ametoka Molo kwa matatu. Akafungua fundo la leso, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akakiweka mezani na kukinyoosha kwa kiganja. Hakulia. Aliniuliza, "Mwalimu, nani alikuambia kwamba alikuwa mwizi?" Nikamwambia, watu waliokuwepo. "Watu gani?" Sikuwa na jina hata moja. Akalitaja jina la mwanawe mara tatu, polepole, kama anayemngoja mwanafunzi aliandike ubaoni. Sitaliandika hapa kwa sababu ndugu zake wangali hai na sijawaomba ruhusa. Chai niliyompikia aliiacha mezani, haikuguswa.

Sasa tuje kwa Ida.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1862 mjini Holly Springs, jimbo la Mississippi, baba na mama wakiwa watumwa. Utumwa ulipokomeshwa nchi nzima mwaka 1865 alikuwa na miaka mitatu. Mwaka 1878 homa ya manjano iliwachukua baba, mama na mdogo wake mchanga. Watu wazima wakakaa kikao cha kuwagawa wale watoto waliobaki, huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Ida, akiwa na miaka 16, akakataa. Akateremsha rinda lake lionekane refu, aonekane mtu mzima, akaenda kuomba kazi ya ualimu ili awalishe ndugu zake. Sisi wa Nyanza na Magharibi tunamjua msichana huyo. Miaka ile ya ukimwi hakukosekana kijijini.

Baadaye akahamia Memphis, jimbo la Tennessee, akafundisha huku akiandika magazetini kwa jina la Iola. Mwaka 1889 akanunua sehemu ya gazeti la watu Weusi, Free Speech. Mwaka 1891 aliandika jinsi shule za watoto Weusi zilivyotelekezwa, akafutwa ualimu. Basi gazeti likawa ndiyo sahani yake. Akazunguka miji na vijiji akitafuta wasomaji. Wengi hawakujua kusoma, walinunua wakasomewa, na wachuuzi wengine wakawa wanawauzia gazeti jingine wakiwaambia ndilo lenyewe. Ida akaanza kulichapisha kwenye karatasi ya rangi ya waridi. Asiyejua herufi hata moja akalijua gazeti lake kwa rangi. Jambo hilo nalipenda kuliko hotuba zake zote. Linanionyesha alikuwa anamwandikia nani.

Mwaka 1892 ndio uliomgeuza. Rafiki yake Thomas Moss alikuwa mpeleka barua wa posta, na usiku alisimamia duka la vyakula alilofungua na wenzake, People's Grocery, pembeni mwa mji. Karibu yao palikuwa na duka la Mzungu aliyezoea kuuza peke yake. Wateja wakahama. Watoto wakagombana kwenye mchezo wa goroli, wazazi wakaingilia, na ugomvi ukakua. Usiku mmoja watu wenye silaha, wakiwemo maafisa wa sherifu, yaani mkuu wa usalama wa wilaya, wasio na sare, wakalivamia duka. Waliokuwa ndani wakafyatua risasi, Wazungu watatu wakajeruhiwa. Moss, Calvin McDowell na Will Stewart wakatiwa jela pamoja na wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Machi genge lililofunika nyuso likawatoa hao watatu jela, likawapeleka nje ya mji kando ya reli, likawaua kwa risasi.

Kulipokucha, gazeti la Wazungu lilieleza kila kitu, hadi maneno ya mwisho ya Moss: waambieni watu wangu waende magharibi, hapa hakuna haki yao. Hebu fikiri, binti yangu. Mwandishi anajua marehemu alisema nini akiwa amesimamishwa mbele ya bunduki, lakini serikali nzima haijui nani aliyeishika bunduki.

Ida alikuwa mama wa ubatizo wa Maurine, binti wa Moss. Na katika kumbukumbu zake anakiri jambo ambalo wengi wetu hatungethubutu kulikiri: kwamba hadi siku ile alikuwa ameyaamini magazeti. Alijua kuua bila kesi ni kosa, lakini alidhani labda waliouawa walikuwa kweli wamebaka, na hasira za watu zikapanda. Moss hakubaka mtu. Moss aliuza vyakula na kuwavuta wateja wa jirani. Basi swali la yule mama wa Molo likamwingia Ida, miaka 99 kabla halijanifikia mimi.

Akaanza kwenda mwenyewe. Magazeti yaliandika kwamba katika wilaya ya Tunica, Mississippi, mtu Mweusi, "jitu" kama walivyomwita, ameuawa kwa kumbaka mtoto wa sherifu, msichana wa miaka saba. Ida akafunga safari. Akamkuta "mtoto" ni msichana mkubwa, amepita miaka 17, na babake ndiye aliyemfumania ndani ya nyumba ya yule mwanamume, alikokwenda kwa miguu yake. Kesi baada ya kesi aliikuta hadithi ya karatasini haifanani na ya kijijini. Tarehe 21 Mei 1892 akaandika tahariri fupi: hakuna mtu upande ule aliyeuamini tena ule uongo uliochakaa wa ubakaji. Alikuwa safarini mashariki gazeti liliposomwa mjini. Tarehe 27 Mei genge likavamia ofisi na kuiharibu, na ujumbe ukamfikia kwamba akirudi atauawa. Akabaki New York bila gazeti, bila nyumba, akaanza upya katika gazeti la New York Age.

Kazi yake yote iliyofuata, vijitabu Southern Horrors wa 1892 na A Red Record wa 1895, na ziara za Uingereza mwaka 1893 na 1894, ilisimama juu ya njia moja. Hakukusanya uvumi wa watu wake akauita ushahidi. Alichukua hesabu zilizochapishwa na gazeti la Wazungu wenyewe, Chicago Tribune, ili asije mtu akasema huyu mwanamke Mweusi ametunga. Akaandika majina, tarehe, mahali, na tuhuma. Kwa mwaka 1892 walihesabiwa watu 241 waliouawa na magenge, na 160 kati yao walikuwa Weusi. Katika hao 160, waliotuhumiwa ubakaji walikuwa 46, hata theluthi hawafiki. Wanawake walikuwa watano. Na mwishoni mwa orodha kuna mstari ambao kila nikiusoma natua kitabu: kosa halikutajwa, mvulana na msichana, 2.

Sasa rudi kwenye sentensi zako mbili. "Wananchi wenye hasira." Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sasa nayachukia. Wananchi ni nani? Ni mimi na wewe na mama mboga. Wote tumewekwa ndani ya kapu moja ili wale watano au sita walioshika mawe wasionekane. Hasira nayo imeletwa iwatetee, kana kwamba ilishuka kama mvua. Na neno "mshukiwa" limeshamhukumu marehemu, kwa sababu hutasikia popote ni nani aliyemshuku. Mhariri wako anakwambia habari hizi hazina wenyewe. Zina wenyewe. Wako Molo, wana leso.

Lakini nisikudanganye. Yaliyompata Moss si sawa kabisa na yaliyotokea sokoni kwenu, na usiyachanganye unapoandika. Kule Kusini mwa Marekani mauaji yalikuwa na kazi maalumu: kumrudisha mtu aliyetoka utumwani mahali alipokuwa. Yalimpata mwenye duka, mpiga kura, mkulima aliyedai hesabu ya pamba yake, aliyemjibu Mzungu. Sherifu mara nyingi alikuwa anajua, picha za maiti zilichapishwa kwenye kadi za posta zikauzwa. Sisi hapa tunauana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi kwa sababu ya simu. Kinachofanana ni lile neno moja linalotangulia. Kule lilikuwa ubakaji. Katika Kisii wazee wamechomwa moto ndani ya nyumba zao kwa neno mchawi. Hapa Nakuru, Januari 2008, neno lilikuwa kabila: mtu alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, akaombwa kitambulisho, jina likasomwa. Nilikuwepo mjini siku zile. Neno likishatamkwa, hakuna anayeuliza tena.

Kwa hiyo wewe uliza. Rudi sokoni, lakini usiende peke yako, na mtu mmoja nyumbani ajue uliko. Nani alipiga kelele ya kwanza ya "mwizi"? Simu ilikuwa ya nani, na ilipatikana? Kituo cha polisi kiko umbali gani kwa miguu, askari walipigiwa saa ngapi, walifika saa ngapi? Jambo limeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi? Kisha nenda mochari, ujue jina lake na jamaa zake wako wapi, ukae nao kabla ya kuandika. Mashahidi usiwataje, wanaishi pale pale. Watuhumiwa wa mauaji nao usiwataje kabla hawajafikishwa kortini, kwa maana Katiba yetu, kifungu cha 50, inamchukulia kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe, na ngao hiyo hatuwezi kumlilia marehemu aliyenyimwa huku tukiwanyima wengine. Picha ya mwili usiitume popote, hata kwa rafiki.

Tena nunua daftari la mistari, la kurasa 96. Kila mauaji ya namna hii unayoyasikia Kisumu, andika tarehe, mahali, jina, tuhuma, na nani alitoa tuhuma. Nafasi isiyojulikana iache wazi, wala usiijaze kwa kubahatisha. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitu ambacho mhariri wako hana. Hata akikikataa, yuko mwingine atakayekisoma.

Umeuliza kama alifaulu. Maisha yake yote Ida alidai sheria ya taifa dhidi ya mauaji haya. Mwaka 1922 mswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi, ukauawa kwenye Seneti. Yeye alifariki Chicago tarehe 25 Machi 1931, sheria haipo. Orodha iliyowekwa na chuo cha Tuskegee inahesabu watu 4,743 waliouawa hivyo kati ya 1882 na 1968, na 3,446 kati yao walikuwa Weusi. Sheria ilitiwa sahihi mwezi Machi 2022. Ndiyo, 2022, miaka miwili baada ya waamuzi wa tuzo za Pulitzer kumtunuku marehemu kwa uandishi wake.

Lakini usipime kwa sheria peke yake. Moss alipouawa, Ida aliwaambia Weusi wa Memphis wahame, na maelfu wakahama kweli, wengi wakaelekea Oklahoma. Waliobaki wakasusia tramu za mji, yale mabehewa ya abiria yapitayo kwenye reli za barabarani. Baada ya wiki kadhaa wakubwa wa kampuni ya tramu wakaja ofisini kwake kumwomba awatulize watu. Walidhani Weusi wanaogopa umeme, kwa kuwa tramu zilikuwa zimeanza kuendeshwa kwa umeme karibuni. Ida akawauliza, tangu lini mmeona abiria wamepungua? Wakasema wiki kama sita. Akawaambia, ni wiki sita tangu Moss auawe. Wakajibu kwamba kampuni yao haihusiki na mauaji. Jumapili iliyofuata Ida akapita makanisani kuwaambia watu waendelee vivyo hivyo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwendesha boda boda wa Kondele. Toleo lililopita ulisema anayerusha jiwe la kwanza na la mwisho wote ni wauaji. Umenichoma. Mwenzetu alibeba abiria wawili usiku, asubuhi tukamkuta mtaroni amekufa, pikipiki haipo, na mkopo wake mkewe bado analipa. Tukikamata mtu tukampeleka kituoni, baada ya wiki anatupita stejini anatucheka. Tufanye nini? Na wahenga si walisema penye wengi pana Mungu?
Baba Achieng'

JIBU: Baba Achieng', pole sana kwa mwenzenu, na pole kwa mkewe. Sitakuandikia kana kwamba msiba huo haupo. Anayemuua mwendesha boda boda kwa ajili ya pikipiki ni muuaji, na ningependa kumwona kizimbani mimi mwenyewe.

Hata Ida hakuwa mtu wa kugeuza shavu la pili. Moss alipouawa alinunua bastola, na baadaye akaandika kwamba bunduki ya Winchester inastahili mahali pa heshima katika kila nyumba ya mtu Mweusi, kwa kuwa sheria ilikuwa imekataa kuwalinda. Lakini soma vizuri alichokitetea: mtu kujilinda anapovamiwa. Hakusema hata mara moja kwamba wahalifu waachwe. Alisema washtakiwe. Wale watatu wa Memphis walikuwa tayari ndani ya jela, kesi ikiwangoja. Waliowatoa mle ndani hawakuikosa korti. Waliiogopa.

Hiyo methali yako imenishinda usingizi siku mbili. Nimesikia watu wakiisema harusini, na kwenye harambee, na ni nzuri pale. Lakini usiku ule wa Memphis wengi walikuwa nje ya seli, wamefunika nyuso. Ndani walikuwa watatu tu. Kama Mungu alikuwa upande wa wengi, basi sielewi.

Jambo la askari ni zito na sitalipunguza. Mara nyingi mshukiwa huachiliwa kwa sababu mlalamishi hakuandika taarifa, au shahidi hakutokea kortini. Wengine huachiliwa kwa hongo, na hilo mnalijua kuliko mimi. Steji yenu ina mwenyekiti, katibu na daftari la michango. Basi iwe na daftari la pili: namba ya OB ya kila kisa, jina la askari aliyepokea taarifa, tarehe za kutajwa kwa kesi, na nani miongoni mwenu atahudhuria siku ya kusikizwa. Mkienda kumi kortini mmevaa yale makoti yenu ya kuakisi mwanga, mkakaa kimya nyuma, hakimu atawaona. Yule anayewapita stejini akicheka atawaona pia. Abiria wa usiku nao wapigwe picha kabla ya kupanda, itumwe kwenye kundi lenu la simu. Nimeambiwa steji nyingine zinafanya hivyo.

Na siku ile mnapomkamata mtu na jiwe liko mkononi, mwulize aliye karibu nawe: umemwona akiiba, au umeambiwa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega. Mwalimu wetu wa historia alituambia Ida B. Wells alimuuma kondakta wa treni. Darasa lote lilicheka. Ni kweli?
Mwanafunzi

JIBU: Ni kweli, mwanangu. Ida, akiwa mwalimu kijana, alikata tikiti akakaa katika behewa la mabibi. Kondakta akamwamuru ahamie behewa la mbele, lenye moshi na walevi. Akakataa. Kondakta alipomshika mkono amvute, Ida akamuuma mkononi na kukita miguu kwenye kiti cha mbele. Walihitajika wanaume watatu kumtoa, mkono wa nguo ukachanika, na abiria Wazungu wakapiga makofi. Alishtaki kampuni ya reli, akashinda, akaamuriwa alipwe dola 500. Mwaka 1887 mahakama kuu ya jimbo ikaibatilisha hukumu na kumtwisha gharama. Nyinyi mnaosoma habari za reli yetu, iliyofika Kisumu mwaka 1901, waulizeni babu zenu nani aliketi daraja gani wakati wa mkoloni. Mkishawasikiliza, darasa halitacheka.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, Vihiga. Huyo Ida unayemsifu kila mara, alikuwa na watoto? Aliwaacha na nani? Na je, aliwahi kurudi kule Kusini walikotaka kumuua?
Mama wanne

JIBU: Alikuwa na wanne kama wewe, dada yangu. Aliolewa mwaka 1895 na Ferdinand Barnett, wakili wa Chicago, akazaa Charles, Herman, Ida na Alfreda. Mtoto wa kwanza alikuwa ananyonya bado alipokuwa anazunguka kuhutubia, na mara nyingi wenyeji walitafuta mlezi wa kumshika mama akiwa jukwaani. Baadaye alipunguza safari akakaa na watoto, na wenzake wengine wakamlaumu kwa kuolewa. Mwaka 1909 mtu Mweusi aliuawa na genge mjini Cairo, jimbo la Illinois, sherifu akafukuzwa kazi, naye akawa anaomba arudishwe. Mume wa Ida akamwomba aende akapinge. Ida alikuwa amechoka, akakataa, akapanda kulala na mtoto mdogo. Aliyemwamsha ni Charles, kijana wa miaka 13: mama, usipokwenda hakuna mwingine atakayekwenda. Asubuhi akapanda treni. Sherifu hakurudishwa.

Na Kusini alirudi, baada ya karibu miaka 30. Mwaka 1919 wakulima Weusi wa Elaine, jimbo la Arkansas, waliungana kudai bei halali ya pamba yao. Weusi wengi wakauawa, na kisha wanaume 12 kati ya walionusurika wakahukumiwa kifo. Ida alikwenda hadi gerezani Little Rock, amevaa kawaida kama mwanamke yeyote, akaingia pamoja na wake na mama za wafungwa. Walinzi wakadhani ni jamaa yao. Akakaa nao mchana kutwa, akaandika kila mmoja alichonyang'anywa, pamba kiasi gani, mahindi kiasi gani. Wale wanaume wakamwimbia nyimbo walizokuwa wakiimba kila siku, za kufa na kwenda mbinguni. Akawaambia waache kuimba habari za kifo. Waombe malango yafunguliwe, kama kweli wanaamini.

Hakuna hata mmoja kati ya wale 12 aliyeuawa kwa hukumu ile. Siku moja ya Jumapili, nyumbani kwake Chicago, mlango ulibishwa. Kijana aliyesimama nje alisema ni mmoja wao, na kwamba tangu afike mjini alikuwa akimtafuta amshukuru. Ida akamwita mumewe na watoto waje wamwone.